Lula alikuwa fundi kereza kama sisi, aliwezaje kufika Ikulu? Mafundi wa Tanga njooni tujadili

#1 FundiKereza
Salaam wagosi. Mimi ni fundi wa kukereza vyuma, nipo Chumbageni, mwaka wa 22 huu nasimama mbele ya mashine. Nakereza shafti, bushi, pini za matrekta, chochote kinacholetwa. Juzi usiku nimekutana na picha ya Lula wa Brazil anapunga mkono wa kushoto, kidole kidogo hakipo. Nikasoma mpaka saa nane. Kumbe yule mzee ni fundi kereza! Alisomea kazi hii hii, akavaa ovaroli, akaja kuwa mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi wa vyuma, kisha rais wa nchi yenye watu zaidi ya milioni 200, na sio mara moja, amechaguliwa mara tatu.

Sasa swali langu. Sisi Tanga tulikuwa na karakana ya reli, kiwanda cha chuma, saruji, mbolea, bandari, mkonge ndo usiseme. Mafundi wakali wamepita hapa. Mbona hatujaona mtu anatoka kwenye jiriwa na tupa anafika huko? Nini alikuwa nacho yule ambacho sisi hatuna? Naomba majibu ya maana, jambo hili limenikaa rohoni.

#2 Mwana_wa_Ngamiani
Jibu rahisi tu mgosi, kule fundi anaheshimika. Hapa kwetu mtu anakuletea kazi ya wiki nzima anataka kulipa hela ya kachori. Alafu huyo kidole si kilikatwa na hiyo mashine ya kukereza? Ina maana hakuwa fundi makini hahaha

#3 Msomi_Raskazone
#2 hapana kaka. Hakikukatwa na mashine ya kukereza, ilikuwa mashine ya presi, ile ya kugandamiza chuma, kiwanda cha vipuri vya magari, zamu ya usiku, mwaka 1964. Akasubiri mpaka asubuhi ndo apelekwe kwa daktari, na daktari akakiondoa chote. Fidia aliyolipwa alimnunulia mama yake samani za nyumbani.

Na hilo la kwamba kule fundi anaheshimika ungejua alikotoka usingesema. Kazaliwa 1945 Pernambuco, kaskazini mashariki, sehemu ya ukame. Baba alishatangulia kusini zamani. Mwaka 1952 mama akauza vitu akapakia watoto nyuma ya lori la wazi, siku 13 njiani mpaka jimbo la São Paulo, kufika wakakuta baba ana mke mwingine na watoto wengine. Lula kaanza kusoma kwa shida ana miaka kama 10, kapiga viatu rangi, kauza karanga. Watu wa kaskazini mashariki kule São Paulo walikuwa wanadharauliwa vibaya sana. Kilichomwokoa ni kupata nafasi chuo cha ufundi cha SENAI, akatoka na cheti cha fundi kereza.

#4 FundiKereza
Ahsante Msomi. Hapo kwenye cheti umenigusa. Cheti changu mama aliweka kwenye fremu, kipo ukutani Muheza hadi leo na vumbi lake.

#5 BintiMakorora
Habari zenu kaka zangu. Mimi sio fundi ila hii ya kidole imenirudisha mbali naomba niseme.

Baba yangu alikuwa analisha korona kwenye shamba moja la mkonge, sitalitaja. Kwa wadogo mnaodhani korona ni ugonjwa tu, sisi watu wa Tanga tuna korona kabla ya huo ugonjwa, ni mtambo wa kusagia mkonge. Majani yanakuja kwa troli, yanatandazwa kwenye mkanda, yakipita humo ndani yanaparuliwa nyama yote zinabaki nyuzi nyeupe kama nywele za bibi. Yale maji ya kijani yananuka hatari, baba akirudi nyumbani tunajua kabla hajabisha hodi. Mwaka 1991 mkanda ulimvuta mkono wa kulia. Vidole viwili. Alipewa mapumziko ya wiki tatu na bahasha, akarudi kazini kuwa mlinzi wa ghala.

Ninachokumbuka mimi ni Idi. Baba akivaa shati jipya kifungo cha juu kilikuwa kinamshinda, basi anaenda chumbani mama anamfungia huko huko, hakutaka sisi tuone. Hakuwa mwenyekiti wa kitu chochote. Kwa hiyo mimi nauliza, kupoteza kidole kunamfanya mtu awe kiongozi au kunamnyamazisha? Maana baba alinyamaza mpaka anaingia kaburini.

#6 Mwana_wa_Ngamiani
Dada Makorora pole sana. Nafuta ule utani wangu wa #2, nimekosea.

#7 Mzee_wa_Reli
Vijana hamjambo. Nimesoma yote. Niliingia karakana ya reli 1974 kama mwanagenzi, nimestaafu nikiwa msimamizi, kwa hiyo naomba mnisikilize kidogo.

FundiKereza umeuliza mbona Tanga hatujatoa mtu. Mwanangu, Tanga ilitoa watu, ila walikatwa njiani. Mkoa huu ulikuwa na jeshi kubwa la vibarua kuliko mahali popote Tanganyika. Manamba wanaletwa kutoka bara kwa Silabu, ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge, wanapewa kipande, unajaza siku 30 za kazi ndo ulipwe, nyapara akikuona hujamaliza matita yako siku haihesabiwi. Bandarini Tanga walishagoma 1939 huko, kabla hata sijazaliwa. Mwaka 1958 kukawa na mgomo wa Mazinde uliotikisa mabwana shamba. Chama cha wafanyakazi wa mashamba kikakua kikawa kikubwa kuliko vyote nchini, kiongozi wake Victor Mkello, huyo akawa mpaka rais wa shirikisho la vyama, TFL. Reli walikuwa na Kasanga Tumbo, mgomo wao wa 1960 ulikwenda zaidi ya miezi miwili.

Sasa tazameni yaliyofuata. Tumepata uhuru, 1962 zikaja sheria za kubana migomo. Januari 1963 Mkello akapelekwa Sumbawanga, akae huko. Tumbo alikuwa balozi London akaacha, akaanzisha chama chake, 1964 akawekwa kizuizini. Baada ya maasi ya jeshi Januari 1964 viongozi wengi wa wafanyakazi wakakamatwa, TFL ikafutwa, ikaja NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi cha nchi nzima, na katibu mkuu wake ni waziri wa kazi. Mimi NUTA nilikuwa mwanachama kwa kukatwa mshahara, sikumbuki kuulizwa kama nataka. Ndo jibu lako. Mbegu ilikuwepo, shamba likafungwa.

#8 DogoPongwe
Shikamoo mzee. Ila mzee Kawawa si alikuwa fundi akaja kuwa waziri mkuu kupitia chama cha wafanyakazi? Kwa hiyo njia ilikuwepo

#9 Mzee_wa_Reli
Marahaba mjukuu wangu. Kawawa alitoka vyama vya wafanyakazi kweli, alikuwa katibu mkuu wa TFL ilipoanzishwa 1955, na waziri mkuu Januari 1962. Lakini fundi hapana. Alikuwa mtumishi wa serikali, idara ya ustawi wa jamii, akawahi hata kuigiza filamu. Karani na fundi ni watu wawili tofauti, karani anakaa na bwana mkubwa chumba kimoja, fundi anakaa na mashine.

#10 Msomi_Raskazone
Mzee wangu heshima yako, lakini hoja ya #7 ina tundu. Hata Brazil vyama vya wafanyakazi vilishikwa na serikali, tena kabla yetu. Tangu enzi za Getúlio Vargas miaka ya 30 na 40, mfanyakazi anakatwa mchango kwa lazima, wizara ya kazi ndo inasajili, na wizara ina uwezo wa kumfukuza kiongozi wa chama ikaweka mtu wake. Na kuanzia 1964 hiyo hiyo wakawa chini ya serikali ya kijeshi. Lula aliingia kwenye uongozi 1969, akawa mwenyekiti wa chama cha vyuma cha São Bernardo na Diadema 1975, ndani ya mfumo huo huo wa kubanwa. Kwa hiyo kufungwa shamba peke yake hakutoshi kueleza.

Maelezo yangu mimi ni mkusanyiko. São Bernardo kulikuwa na Volkswagen, Ford, Mercedes, Scania, zote jirani jirani, Volkswagen peke yake watu zaidi ya 30,000 kiwanda kimoja. Ukisema neno asubuhi jioni linajulikana mji mzima. Mkonge umetawanyika, shamba hadi shamba kilomita kibao, kambi ya huku haijui ya kule.

#11 Kapteni_Jahazi
Mkusanyiko sawa lakini bandari yetu pia watu walikuwa pamoja na hatukutoa rais, hata mimi nimebeba magunia pale. Nasema ni HESABU ndo iliwaamsha wale. Serikali ya kijeshi ilichakachua takwimu za kupanda kwa bei za mwaka 1973, mishahara inapandishwa kwa takwimu za uongo, ikaja kugundulika 1977, wafanyakazi wakapiga hesabu wakakuta wamepunjwa asilimia 34.1. Hiyo namba ikawa wimbo. Mtu anaweza kuvumilia njaa lakini ukimwonyesha kwenye karatasi kwamba uliiba kiasi hiki kutoka mfukoni mwake havumilii tena. Mei 1978 Scania watu wakaingia kazini kama kawaida, wakasimama mbele ya mashine, hawaziwashi. Wamekunja mikono tu.

#12 FundiKereza
Kapteni hapo umenipiga. Nyie ambao hamjawahi kufanya kazi karakana hamuwezi kujua kimya cha mashine zikizimwa zote. Siku zote masikio yako yanaunguruma hata ukilala. Umeme ukikatika sisi watatu tu pale tunaangaliana, tunaanza kuongea kwa sauti ya chini kama tupo msibani. Sasa kiwanda kizima kimya, bosi anatembea katikati anasikia viatu vyake mwenyewe. Hapo ndo nimeelewa.

Na mimi nina maelezo yangu ambayo hamjasema. Fundi kereza hapatikani sokoni. Kibarua wa kubeba ukimfukuza leo kesho geti limejaa, lakini mtu anayeweza kutoa bushi iingie kwenye tundu lake bila kugonga nyundo, hiyo ni miaka. Bosi anakuogopa kidogo. Huo uoga kidogo wa bosi ndo mtaji.

#13 Katekista_Maramba
Amani kwenu. Mmesahau kanisa. Brazil miaka ile maaskofu na mapadri wengi walisimama na wafanyakazi, jumuiya ndogo ndogo zilikuwa kila mtaa, watu walikutana kusoma Injili wakamalizia na habari za mshahara. Walipofungiwa ofisi za chama walikutania kanisani São Bernardo. Bila kuta za kanisa wangekutana wapi?

#14 Ustadh_Duga
Katekista nakubaliana na wewe kwa sehemu. Na kwetu misikiti ya Tanga na vijiwe vya kahawa ndo palikuwa pa kupeana habari zama za TANU. Mahali pa kukutania muhimu ila mahali hapamuinui mtu. Mimi naona ni msiba. Lula mke wake wa kwanza, Maria de Lourdes, alifariki 1971 akiwa mjamzito, mtoto naye akafa. Homa ya ini. Mwenyewe amesema mara nyingi kwamba hawakutibiwa inavyopasa kwa sababu ni maskini. Kabla ya hapo alikuwa kijana anapenda mpira na hataki siasa kabisa. Baada ya hapo akazama kwenye chama. Mwanaume aliyezika mke na mtoto siku moja anaogopa nini tena?

#15 BintiMakorora
Ustadh umenijibu swali langu na hujanijibu. Baba naye alizika watoto wawili.

#16 Mzee_wa_Reli
Binti yangu, kila mtu na mzigo wake. Baba yako alikulea mpaka leo unaandika hapa, usimpime kwa Lula.

Mimi naongeza la kaka. Aliyemvuta Lula kwenye chama ni kaka yake wa damu, wanamwita Frei Chico, yule ndo alikuwa mkomunisti, yeye Lula alikuwa hataki. Kaka alikamatwa 1975 akateswa. Lula alikuwa safarini Japan, aliporudi akakuta kaka yupo mikononi mwa jeshi. Mtu anayeona ndugu yake amefanyiwa vile anabadilika. Msiniambie habari za hesabu na mkusanyiko, ni kaka.

#17 Mwana_wa_Ngamiani
Wazee kila mtu ana lake, kanisa, hesabu, kaka, bushi 😂 ila hakuna aliyetaja uvumilivu. Jamaa kagombea urais kashindwa 1989, kashindwa 1994, kashindwa 1998, akaja kushinda 2002. Mara tatu kapigwa chini!

#18 Msomi_Raskazone
Mara nne ukihesabu ugavana wa São Paulo 1982, alishika nafasi ya nne. Na kabla ya hapo alikuwa kaanzisha chama cha siasa kabisa, PT, Februari 1980. Ndo tofauti nyingine na kwetu, hapa hata leo huwezi kugombea bila kudhaminiwa na chama cha siasa, na vyama vyetu vya wafanyakazi havikuzaa chama cha siasa. Sifa ya mbunge kwa Katiba yetu ni umri miaka 21 na kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, kwa hiyo fundi hajazuiwa kwa elimu.

#19 Kapteni_Jahazi
Nimesoma alipopewa cheti cha ushindi 2002 alilia akasema ndo stashahada yake ya kwanza maishani

#20 FundiKereza
Si kweli ndo ya kwanza, alishakuwa na cha ufundi, Msomi kasema #3. Msikifute cheti cha ufundi jamani.

#21 Msomi_Raskazone
Umeshinda hapo fundi. Na mama yake Lula, Dona Lindu, hakuona hata kimoja kati ya hivyo vya baadaye. Aprili 1980 walipogoma siku 41, helikopta za jeshi zinapita juu ya uwanja, Lula akakamatwa akakaa ndani siku 31. Mama akafa mwezi Mei yeye akiwa mahabusu. Walimtoa akazike, kisha wakamrudisha.

#22 Jicho_la_Tatu
Mnampamba sana. Mbona hamsemi kesi ya rushwa? Serikali yake 2005 ilikuwa na kashfa ya wabunge kulipwa, na yeye mwenyewe kafungwa 2018.

#23 Msomi_Raskazone
Tuseme yote basi. Kashfa ya 2005 ilikuwa ya kweli, watu wake wa karibu walihukumiwa. Yeye kafungwa Aprili 2018, kakaa siku 580. Mwaka 2021 mahakama yao ya juu kabisa ikafuta hukumu zile na ikasema jaji Moro aliyemhukumu hakuwa wa haki, na Moro huyo alishakuwa waziri wa Bolsonaro, mpinzani wa Lula. Mwaka 2022 Lula akashinda kwa asilimia 50.9. Kila mtu apime.

#24 Jicho_la_Tatu
Kufutwa hukumu sio sawa na kuwa safi. Naishia hapo.

#25 Ustadh_Duga
Na siku 580 jela kwa kesi iliyofutwa sio kidogo ndugu yangu.

#26 DogoPongwe
Naomba tuhamie kidogo. Huyu Lula anashabikia Corinthians, timu ya watu wa kipato cha chini. Sisi tuna Coastal Union. Kapteni bado unaenda uwanjani au unajificha?

#27 Kapteni_Jahazi
Mgosi wa kaya hajifichi. Ubingwa wa 1988 niliushuhudia kwa macho yangu, wewe ulikuwa bado kwenye mipango ya Mungu. Na hujui, hiyo Brazil ndo iliyotupokonya ufalme wa mkonge! Sisi tulianza kwa miche 62 iliyopona safarini, ikapandwa Kikogwe huko Pangani 1893, tukaja kuwa wa kwanza duniani. Leo wa kwanza Brazil, jimbo la Bahia, sisi tunafuata nyuma.

#28 BintiMakorora
Na huko Bahia mnajua wanasagaje? Hawana korona kubwa kama zetu, wana kimashine kidogo cha mota kinazungushwa shamba hadi shamba, mtu anasukuma jani kwa mkono wake mwenyewe. Wamekatika viganja wengi mpaka ikawa jambo linalojulikana. Kwa hiyo huo ufalme Kapteni umekuja na mikono ya watu. Na Bahia ni huko huko kaskazini mashariki alikotokea Lula.

#29 Kapteni_Jahazi
Daah. Nimekosa neno dada.

#30 FundiKereza
Mimi kilichonishinda kulala ni ule uwanja wa Vila Euclides. Machi 1979, mgomo, makumi ya maelfu ya watu wamejaa, hakuna vipaza sauti. Jamaa kapanda juu ya meza. Anasema sentensi moja fupi, wa mbele wanairudia kwa nguvu, wa nyuma yao wanaipokea wanairudia, inakwenda inakwenda mpaka wa mwisho kabisa ukutani. Kisha sentensi ya pili. Yaani kila mtu pale ameyasema maneno kwa mdomo wake mwenyewe. Msomi unasema mkusanyiko, Kapteni hesabu, Katekista kanisa, mimi naona siku ile hapakuwa na mtu mmoja anayehutubia. Ukienda Tangamano siku ya Mei Mosi kuna spika kubwa mpaka kifua kinatetemeka na hakuna anayerudia kitu.

#31 Mzee_wa_Reli
Hilo la spika umesema kweli tupu mwanangu.

#32 DogoPongwe
Sasa mimi nina shida ya kweli sio ya Brazil. Nafanya kazi ya kuchomelea karakana fulani, tupo 26, mkataba hakuna, mwezi uliopita mwenzetu kaumia jicho kwa cheche kaambiwa ajitibie. Tukitaka kuanzisha chama tunaanzia wapi? Au tutafukuzwa wote?

#33 Msomi_Raskazone
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa haki ya kujiunga na chama na mwajiri haruhusiwi kukufukuza kwa sababu hiyo. Kusajili chama kipya inahitajika wafanyakazi wasiopungua 20, lakini rahisi zaidi mjiunge na chama kilichopo mfungue tawi. Mgogoro wa maslahi unapelekwa CMA, tume ya usuluhishi na uamuzi, usuluhishi siku 30, ukishindikana ndo mgomo halali na notisi ya masaa 48. Mwenzenu wa jicho ni suala la WCF, mfuko wa fidia, mwajiri anatakiwa awe amejisajili na ajali iripotiwe. Asikae kimya, muda unahesabika.

#34 BintiMakorora
Dogo tafadhali huyo wa jicho mpelekeni wiki hii hii. Karatasi za hospitali msitupe hata moja. Baba yangu zake zililowa mvua.

#35 FundiKereza
Dogo nipo karibu na kituo cha daladala, Jumamosi saa kumi nafunga mapema. Njoo na huyo mwenzio na wengine wawili watatu, nitaleta benchi nje. Mzee wa Reli kama miguu inaruhusu karibu, nitakufuata na baiskeli.

#36 Mzee_wa_Reli
Nitakuja. Lakini bado nasema ni kaka yake.